Kuni za Malaika

"Geti unashika wewe, ufunguo unashika wewe, na mtoto ni wako. Sasa unachonieleza ni nini?"

"Nakueleza kwamba tuta si langu. Ufunguo nimepewa nishike, sikupewa niutumie nipendavyo. Nikwambie mara ngapi, Delfa?"

"Mpaka uone haya."

Ulbio hakuona haya, au kama aliona hakuonyesha. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, mguu mmoja ndani ya buti la mpira, mwingine mtupu. Koti la ulinzi lilikuwa limetundikwa msumarini nyuma yake. Delfa alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi kama anayetaka kuimaliza pamoja na kifuu chake. Chini ya sakafu ya mbao maji ya asubuhi yalikuwa yanarudi nyuma, yakiacha mstari wa povu kwenye nguzo za nyumba. Zamani maji hayakuzijua nguzo hizo. Siku hizi yalikuja na kuondoka kama mkwe asiyejua kubisha hodi.

"Leo alasiri ni bamvua, maji yatajaa kupita kiasi," Delfa akasema. "La juzi limemchukua mzee Eleuterio, jeneza, msalaba na kila kitu. Safu ya makaburi inayofuata ni ya Yandri. Hakuna safu nyingine katikati. Au umesahau mwanao amelala wapi?"

"Sijasahau."

"Basi pa kumpeleka ni mahali pamoja tu. Kisiwa kizima kimebakiwa na kipande kimoja cha ardhi kavu, na kipande chenyewe ni hilo tuta la mabwawa yenu ya kufugia kamba."

"Yetu?" Ulbio akacheka bila furaha. "Yangekuwa yangu ningekuwa nakula ndizi chukuchuku kila asubuhi? Mpeleke mjini. Kule wana makaburi ya saruji, safi kabisa, kama kabati."

"Mjini wanataka kibali cha idara ya afya ndipo nifukue. Nilikwenda Jumatatu, nikakaa kwenye benchi mpaka wakaenda kula, wakarudi. Wakaniambia njoo mwisho wa mwezi, mama. Nikaiambie bahari nayo ije mwisho wa mwezi?"

Nayeli, binti yao wa miaka kumi na mitano, alikuwa dirishani anajisuka nywele.

"Baba, si ungefungua tu dakika chache? Nani atajua?"

"Wewe nyamaza. Haya mambo ya wakubwa."

"Yandri hakuwa mkubwa. Alikuwa na miaka minne."

Ulbio akavaa buti la pili, akasimama. Alikuwa mtu mpole, na watu wapole wakibanwa kwenye kona huwa hawachagui jiwe la kurusha.

"Miaka yote hii unanitukana kwa ajili ya mabwawa," akamwambia mkewe. "Haya. Msitu wa nyuma ya makaburi uling'olewa na tingatinga lao, nakubali, na mshahara wao naula. Lakini ile mikoko ya mbele, iliyokuwa inazuia bahari, ilikatwa na nani? Ule mkoko mkubwa uliokuwa miguuni pa kaburi lenyewe, nani alisimama akasema, 'Kateni huo, unawaka bila moshi'?"

Mbuzi ikanyamaza. Delfa alibaki ameshika nusu ya nazi, kiganja kimejaa machicha.

Ulbio alitaka kulirudisha neno lake lakini neno si kasia. Akachukua koti lake, akashuka ngazi.

*

Alikuwa amesema kweli, ndiyo maana iliuma.

Kwao, mtu akifa, waombolezaji hukata mkoko mmoja karibu na mahali atakapolazwa. Kuni zake ndizo zinazopikia watu usiku wa nyimbo. Hivyo ndivyo walivyofanya mababu waliotoroka minyororo wakaja kujificha kwenye matope haya ambako farasi wa mabwana hawakuweza kufika. Mkoko ulikuwa wa marehemu, na mwaka haukuishi kabla mahali pake hapajaota michipukizi kumi, kwa sababu msitu wa nyuma ulikuwa unaangusha mbegu zake majini bila ubahili.

Kisha msitu wa nyuma ukawa mabwawa. Mbegu hazikuja tena. Lakini watu hawakuacha kufa, na wafu hawakuacha kuhitaji kuni. Kila matanga yaliondoka na mkoko wake. Hakuna aliyehesabu. Siku walipofika na panga wakakuta hakuna wa kukata, walitazamana, wakarudi nyumbani kupikia mtungi wa gesi, na baharini kukawa kweupe.

Yandri alikufa kwa homa ile ya mbu, miaka minane iliyopita. Mtoto mdogo namna ile hasemwi kwamba amekufa. Anaitwa malaika, anavikwa taji la maua ya karatasi na mabawa, anaimbiwa na kuchezewa mpaka kukucha. Watu wanakula, wanacheka, wanapiga ngoma. Na mama haruhusiwi kulia. Machozi ya mama hulowesha mabawa, na malaika aliyelowa haruki.

Delfa hakulia. Alipika kombe, chaza wa matopeni, kwa tui kwa ajili ya kijiji kizima, akawapakulia, akauliza nani hajapata. Na kuni alichagua yeye, kwa sababu alitaka usiku wa mwanawe usiwe na moshi wa kuwatoa watu machozi.

*

Alinawa mikono, akamfuata mumewe.

Geti la mabwawa lilikuwa la chuma, limewekwa kwenye njia ambayo wanawake wachimba kombe walipita tangu enzi za bibi zao. Siku hizi walizunguka kwa mtumbwi, mwendo wa nusu siku, kufika kwenye kipande cha mikoko kilichobaki. Ulbio alikuwa amesimama nyuma ya vyuma, bunduki ya kampuni begani. Alimwona mkewe akija, akatazama mabuti yake mwenyewe.

Pikapu nyeupe ilikuja ikasimama. Kioo kikashuka nusu, ubaridi ukatoka ndani pamoja na muziki. Injinia, msimamizi wa mabwawa, alikuwa kijana mwenye adabu. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, kwa maana mtu asiye na adabu angalau unaweza kumtukana.

"Mama, habari za asubuhi. Mumeo Caicedo amenieleza kidogo. Pole sana."

"Asante, Injinia. Ni shimo dogo tu. Hata msalaba sitaweka. Ni mtoto wa miaka minne, na mifupa yenyewe kikapu kimoja kitatosha."

"Nakuelewa, mama. Mimi pia nina mtoto. Lakini tuta hili lina cheti. Wakaguzi wanakuja na vipimo vyao, wanachimba hapa na pale. Wakikuta mambo ya maiti… Unajua hawa kamba wanaliwa ng'ambo. Watu wa kule ni wachaguzi sana."

"Mwanangu hatawala kamba wenu, Injinia."

Injinia alicheka kidogo, kisha akaona kwamba mama hakuwa amefanya mzaha. Akageuka kwenye kiti cha nyuma, akatoa mfuko wa plastiki uliojaa kamba waliovunjika vichwa, wale wasiofaa kusafirishwa.

"Chukua ukawapikie nyumbani. Na Caicedo kesho nitampa mapumziko ya nusu siku, mkae pamoja mzungumze."

Mkono wa Delfa ulipokea mfuko kabla moyo haujaamua. Ndivyo umaskini unavyomfunza mtu. Maji baridi ya kamba yakamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

Ulbio akafungua geti, pikapu ikapita, akalifunga. Komeo likalia kati yao.

"Nenda nyumbani, mama Yandri," akasema taratibu.

Alikuwa hajamwita jina hilo kwa miaka. Delfa akapenyeza mkono kati ya vyuma, akauning'iniza ule mfuko kwenye komeo, upande wake yeye Ulbio, akaondoka.

*

"Mzee Eleuterio maisha yake yote alikuwa hapendi kuoga," Ninfa alisema. "Tazama sasa."

Ninfa alimsimamia Yandri ubatizo, kwa hiyo yeye na Delfa waliitana komadre, na walichimba kombe pamoja tangu wakiwa wasichana. Alikuja makaburini na koleo fupi, mdomoni sigara, mkononi kopo la makumbi ya nazi yanayofuka moshi wa kufukuzia mbu. Nayeli aliwafuata na shuka jeupe bila ya kuambiwa.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Ulibaki ufuo mweusi, mapande ya misalaba, na visiki vya mikoko vimejipanga kama meno ya kikongwe. Mahali pa mzee Eleuterio palikuwa na shimo lililojaa povu. Hatua mbili tu kutoka hapo kulikuwa na sanduku dogo la mbao la kuwekea alama kaburi, lililopakwa chokaa, lililoandikwa kwa misumari: YANDRI.

Delfa akapiga koleo la kwanza.

"Komadre," akasema bila kuinua uso, "yule binti wa chuo aliyekuja na mabomba yake, akawa anayachomeka kwenye tope, alisemaje vile? Wewe ulimbebea mizigo."

"Mabomba mazito yale, Mungu wangu! Mgongo mpaka leo." Ninfa akavuta moshi. "Alisema tope letu limekuwa linameza hewa chafu ya dunia tangu Adamu hajakatwa kitovu. Inakaa huko chini, imetulia. Mikoko ndiyo mfuniko wa chungu. Ukiikata, ukalipindua tope juani kama walivyofanya hawa, ile hewa yote inapanda juu. Dunia inashika joto. Halafu kuna barafu mahali fulani, inayeyuka, bahari inavimba."

"Inavimba, inakwenda wapi?"

"Kwa waliokata mfuniko, nadhani." Ninfa akatema mate pembeni. "Ingawa kwa wale wa ng'ambo wanaokula kamba sijasikia makaburi yao yameondoka."

"Sisi nasi tulikata."

"Sisi tulikata kuni za kupikia, Delfa. Wao walikata kuanzia hapa mpaka macho yanapochoka. Si sawa."

"Maji hayaulizi."

Ninfa akaweka kopo la moshi upande wa upepo, akapiga magoti, akaanza kutoa mchanga kwa mikono kama anatafuta kombe.

Walipofika kina cha mkono maji yalianza kuchuruzika ndani ya shimo. Jeneza lilikuwa limekwisha kuwa uji. Delfa aliwaambia wote wawili wageuke. Aliingia mwenyewe, akapapasa kwa vidole vilivyozoea kutambua vitu vidogo gizani ndani ya tope. Alitoa kimoja kimoja, akasuuza, akaweka kwenye kikapu chake cha kombe, juu ya shuka. Mara moja tu alisema, "Meno ya juu hayakuwa yameota vizuri," kama anayezungumza na mkunga.

Mwisho kabisa alivuta kitu kikakwama, akakivuta tena. Kikatoka: waya uliokunjwa mara mbili, mabawa mawili, karatasi ilikwisha zamani, umekula kutu na unadondosha maji.

Delfa akaushika mbele ya uso wake.

"Miaka minane," akasema. "Miaka minane nimeuma meno. Nimeosha vyombo nimeuma meno, nimelala nimeuma meno, nisimloweshe. Kumbe alikuwa humu ndani ya maji."

"Mama," Nayeli akaita, "maji yanarudi."

Yalikuwa yanarudi kweli, bila haraka, kama mwenye nyumba.

*

Geti waliliacha. Delfa alishika kasia nyuma ya mtumbwi, akaupitisha kwenye mkono wa maji nyuma ya mabwawa, ambako tuta linateremka mpaka majini. Nayeli alikaa katikati na kikapu mapajani, amekikumbatia kwa mikono yote miwili. Ninfa alikuwa mbele na koleo. Nyuma yao, pale walipotoka, lile sanduku lenye jina lilielea, likazunguka, likaondoka.

"Wana mbwa," Ninfa akasema.

"Najua."

"Na bunduki."

"Bunduki najua pia. Nampikia mwenye bunduki kila siku."

Tuta lilikuwa tope la msitu ule ule. Lilichimbwa, likarundikwa, likaachwa juani mpaka likapasukapasuka kama kisigino. Mwaka wa kwanza lilinuka mayai viza, hata wageni walifunga vitambaa puani. Sasa halikunuka chochote. Chote kilichokuwa kimelala ndani yake kilikwisha panda juu zamani.

Delfa alipanda, akapiga koleo. Koleo likadunda. Akapiga tena.

Mbwa walifika kwanza, kisha Ulbio anakimbia, bunduki inamgonga kiunoni.

"Delfa! Shuka! Wananiona kutoka ofisini!"

"Na waone."

"Watanifukuza leo hii! Tutakula nini? Huyu msichana atasoma na nini?" Akamgeukia binti yake. "Nayeli, mshike mama yako."

Nayeli hakumshika mama yake. Alipanda tuta polepole ili asijikwae, akamkabidhi baba yake kikapu.

Ulbio alikipokea kwa sababu kilikuwa kinaletwa, kama mkewe alivyopokea ule mfuko asubuhi. Kilikuwa chepesi mno. Akainua pembe ya shuka. Cha juu kabisa kilikuwa ule waya. Aliukunja yeye mwenyewe, usiku ule, kwa koleo la kubania misumari, akiuliza kila mtu kama bawa la kushoto limelingana na la kulia.

"Umelowa," akasema. Akausugua kwa mkono wa koti la kampuni, mara moja, mara mbili. "Delfa, umelowa."

"Ndiyo nilichokuwa nakuambia tangu asubuhi."

Redio kiunoni mwake ikakwaruza. "Caicedo. Nani hao wako juu ya tuta la nyuma?"

Wote wakaitazama ile redio. Ulbio akamrudishia binti yake kikapu. Akaiweka bunduki chini, mbali na mbwa, akachomoa redio.

"Ni mimi, Injinia. Na mke wangu na binti yangu na komadre wetu. Tunamzika mtoto."

"Caicedo, hili tulishalizungumza…"

Ulbio alizungusha kitufe mpaka kikalia tik. Akavua koti, akalitandika chini na kuweka ufunguo wa geti juu yake, kisha akanyoosha mkono kwa mkewe.

"Lete koleo. Wewe hujui kuchimba palipokauka."

Alichimba. Ni yeye aliyesaidia kulishindilia tuta lile siku za vibarua, alijua wapi ni gumu na wapi limechoka. Mapande makavu yaliruka pembeni yakigongana kama vigae. Kutoka ofisini pikapu nyeupe ilikuwa imeanza kuja kwa njia ndefu ya kuzunguka mabwawa, vumbi nyuma yake. Hakuna aliyeharakisha, hakuna aliyesimama. Delfa alikilaza kikapu kizima ndani, shuka, mifupa na waya, na Ulbio akafukia, akakanyaga taratibu, kama anayeogopa kumuamsha mtu.

Nayeli alikuwa ameokota mbegu ya mkoko iliyokuwa inaelea peke yake ukingoni. Akainama kuichomeka juu ya kaburi.

"Huku juu haioti, mama," Delfa akamwambia. "Irudishe majini."

Ninfa alianza wimbo wa malaika kwa sauti ya chini, ule wa kumwambia mtoto aende akicheza. Delfa alikaa chini kwenye udongo uliokauka. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kilio.

"Komadre," Ninfa akakatiza wimbo, kwa mazoea tu, "mabawa."

"Yamekwisha lowa," Delfa akasema.

Akalia. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, juu ya tuta la watu, huku pikapu inakaribia, na safari hii hakuna aliyemkataza.